Fimbo Tupu za Okidi

Mwanangu wa mwisho, Ainembabazi, anakuza maua Njombe. Okidi zake za kwanza ziliuawa na baridi ya huko. Basi alipokuja nyumbani Nyabiyonza mwaka jana kwa msiba wa baba yake, aliniachia vyungu vitatu vya okidi nyingine ziitwazo dendrobiamu, kila chungu na aina yake, zimepandwa kwenye mkaa na magome ya miti badala ya udongo.

"Mama, baridi ya hapa ni ya wastani. Angalia ipi inavumilia. Ikichanua moja tu, nakuja mwenyewe kuchagua. Wiki mbili nzima nitakaa."

Wiki mbili! Tangu siku hiyo nikawa naamkia kwenye vyungu kabla hata ya kuwasha moto.

Aina ya majani mapana iligeuka nyeusi kwa ukungu wa Juni mwaka uleule. Ile nyembamba ikafuata Julai, ikaoza shinani. Ya tatu, yenye mashina kama miwa midogo, ilivuka mwaka. Juni hii ikaanza kudondosha majani, lakini mashina yakabaki magumu kama fimbo. Kufikia Agosti fimbo saba zilikuwa tupu kabisa, na pembeni machipukizi mawili ya kijani.

Jirani yangu Kokubanza alipita akacheka. "Mama Aine, umeanza kufuga kuni?"

"Cheka tu. Ngoja zichanue, utakuja kuomba moja ya kupeleka kanisani."

Lakini alinitia wasiwasi. Nikaziangalia zile fimbo kwa jicho la kibanja, shamba letu la migomba. Mgomba ukishazaa unakatwa, mtoto wake apate nguvu. Hivyo ndivyo mama yangu alivyonifundisha, na mgomba haujawahi kunisuta. Nikachukua kisu, nikakata zote saba, nikazitupa chini ya migomba. Machipukizi nikayaacha. Nilijiona fundi.

Jumapili Ainembabazi akapiga simu.

"Shikamoo Mama. Okidi zinaendeleaje?"

"Marahaba mwanangu. Imebaki ile ya fimbo. Imeshinda baridi mara mbili."

"Ya fimbo! Imedondosha majani?"

"Yote."

"Safi sana! Sasa usiimwagilie. Maua yanatoka kwenye zile fimbo tupu."

Nikageuka kutazama kule migombani.

"Mama? Upo?"

"Nimezikata."

"Zote?"

"Zilizokuwa tupu. Nilifanya kama mgomba."

Alicheka mpaka akakohoa. Nami nikacheka kidogo, nisionekane nimeumia.

"Haidhuru, Mama. Ziokote, uzilaze juu ya ule ukoga wa kijani unaoota kwenye magogo, kivulini. Zitatoa watoto. Ila kuchanua ni miaka miwili, mitatu."

"Na wewe utakuja lini?"

"Nije kuangalia nini sasa? Jibu umenipa tayari. Nitaagiza aina hiyohiyo, nianze kupanda huku. Umenisaidia sana, Mama, hujui tu."

Ningeweza kumwambia zote zimekufa. Angeniletea nyingine kwa mkono wake. Wazo hilo lilinijia wakati bado namsifia ile ya fimbo, nikaona aibu, nikalimeza. Lakini neno lingine lilinitoka.

"Njoo hata bila maua. Nyumba ni kubwa, nakula peke yangu. Napika ndizi tano, tatu zinalala."

Nilisikia watu wakimwita huko kwenye bustani yake.

"Tutaona, Mama. Wateja wamefika."

Nilishuka kibanjani. Mbuzi wa Kokubanza alikuwa amenitangulia, kati ya fimbo saba nikakuta nne. Nikaifuta kila moja mavumbi, nikabandua ukoga kwenye gogo la nyuma ya nyumba, nikazilaza juu yake nne zote, zimepangana kama watoto kwenye mkeka mmoja.

Zikitoa watoto sitampigia simu kumwambia. Akiuliza zikoje, nitamjibu aje aone.