Gauni la Bluu la Wifi

Wifi yangu, mke wa kaka, alipunguza kilo arobaini kwa miaka miwili, na kila alipopungua mimi ndiye niliyempunguzia nguo. Mtaani walizoea kumwita Bonge. Sasa walikuwa hawajui wamwite nani.

Ngozi ndiyo iliyobaki. Ilimning'inia mikononi na tumboni, naye aliificha kama mali ya wizi. Kwa hiyo aliponiletea kitambaa cha bluu cha harusi ya mdogo wake, nilifurahi.

"Nishonee la kubana, wifi. Na mimi nijione."

Nikaharibu. Nilikata kwa kipimo kilekile cha mwili wake, bila kuacha nafasi ya mshono, kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Siku ya kujaribu, zipu ikagoma kiunoni. Ningesema ukweli, lakini benchi lilikuwa na wateja wawili, na mimi kwa kulinda jina sijambo. Nikakimbilia utani wa mawifi.

"Wifi, Bonge anarudi nini?"

Wateja wakacheka. Yeye akacheka wa mwisho, kidogo, akalivua gauni taratibu. Wahenga walishasema, mzaha mzaha hutunga usaha.

Wiki ya tatu kaka akanipigia simu. "Wifi yako hali kitu. Ukimuuliza, ameshiba. Jana kaanguka bafuni."

Kesho yake alikuja mwenyewe, kavaa koti jua likiwaka. Lile gauni nililoliharibu likamwingia bila hata kufungua zipu. Nilimshika mkono, ulikuwa wa baridi. Nikamweleza yote: nilivyokata, wateja, aibu yangu.

"Kosa ni langu. Hukunenepa hata kidogo. Nisamehe, wifi, ukale."

Akanitazama kupitia kioo kwa huruma, utadhani mgonjwa ni mimi.

"Una roho nzuri," akasema. "Lakini siku ile ndiyo ulisema kweli. Leo unanifariji tu."

Akaikamata ngozi ya tumbo kwa vidole viwili juu ya kitambaa, akaivuta. "Si hii hapa? Bado ipo. Wiki mbili tu nitaimaliza. Niwekee pini, upunguze mpaka hapa."

Nilikataa kuzigusa pini. Akajisogezea kopo la pini, akaanza kuzichoma mwenyewe, moja baada ya nyingine, akizizungukia mbavu.