Mpango wa Malezi wa Mzee Sufiani

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Mzee Sufiani akiwa anashona kola ya shati la shule, na tangu hapo ile kola haikukaa sawa tena. "Ndugu Mlezi," ulisema, "unatakiwa kuwasilisha Mpango wa Malezi wa miaka mitano wa Zuhura Abdulmajid. Usipowasilisha, ombi lake litafutwa."

Malezi! Mtoto mwenyewe ana miaka thelathini na moja! Mzee Sufiani, fundi cherehani wa Bigwa, alimchukua mpwa wake huyo akiwa na miaka sita, siku dada yake alipozikwa, akamsomesha mpaka akawa mtafiti wa magonjwa. Leo mtu asiyejulikana anamwambia amlee upya? Akafunga kibanda, akapanda bodaboda, futi ya kupimia ingali shingoni, hadi kwenye taasisi anakofanya kazi Zuhura.

Doreen, dada wa ofisi ya maombi ya ufadhili, alimwamkia, akampa kiti, akamweleza polepole. Kuna mfuko unaosaidia watafiti chipukizi kusimama. Fomu zake ni za Kiswahili, na kila mwombaji lazima awe na mlezi, yaani mwanasayansi mzoefu wa kumwongoza. Zuhura alimwandika Profesa Collins. Lakini mfumo wa kompyuta ulipoona neno "mlezi" ulikwenda kuchimbua faili lake la tangu anaanza chuo, ukakuta: Sufiani Athumani, fundi cherehani.

"Si mbadilishe tu?"

"Mfumo umekataa, mzee. Kubadilisha mlezi ni siku tisini. Mwisho wa kutuma maombi ni wiki tatu."

"Na asipopata?"

Doreen akatazama meza. Mkataba wa Zuhura unakwisha Juni. Asipopata, utafiti wake wa homa za watoto wa milimani, zile zinazotibiwa kama malaria kumbe si malaria, utaishia kwenye friji, na yeye ataenda kuuza panadol kwenye duka la dawa Mikese. Wenye duka walishampigia simu.

"Hiyo fomu ina kurasa ngapi?" akauliza Mzee Sufiani.

Arobaini, jamani. Na mzee akazivaa zote. Penye "Waliolelewa na walipo sasa" aliandika majina tisa bila kuficha: walimu wawili, muuguzi mmoja, wakulima watano wakiwemo mapacha, na Yunusi, ambaye alimwandika "haeleweki". Doreen akambembeleza mpaka wakakubaliana "sekta binafsi". Penye "Mbinu za malezi" aliandika: kufoka, kisha chakula. Hapo aligoma kubadilisha hata nukta.

"Mbona tisa wametimia bila Zuhura?" Doreen akauliza.

"Huyo bado namlea. Si ndiyo mmeniandikia?"

Fomu ilitaka pia mlezi na mtafiti wakutane kila wiki, na kumbukumbu ziandikwe. Basi kila Jumatatu Zuhura alifika kibandani, "shikamoo mjomba", akaketi kwenye kigoda chini ya suruali za watu zinazoning'inia, akasoma ombi lake kwa sauti. Hidaya, muuza maandazi wa jirani, hakukosa hata kikao kimoja, ikabidi kwenye kumbukumbu aandikwe mjumbe mwalikwa.

Kikao cha tatu ndicho kilichovunja amani. Zuhura alisoma kwamba atapima damu za watoto mia nne katika vijiji vitano.

"Mia nne tu? Na milima yote hii? Wataona huna shida. Elfu nne!" Mzee akachukua kalamu, akaongeza sifuri mwenyewe.

"Mjomba, huko napanda kwa miguu nimebeba boksi la barafu. Elfu nne nitawapima lini?"

"Wewe acha hivyo. Ukishapata, nani atahesabu?"

"Mimi nitahesabu."

Akaikata ile sifuri, akaandika pembeni kwa herufi kubwa: HAPANA, MJOMBA. Hidaya akabaki na andazi mdomoni. Kwao, mjomba akisema kasema. Mzee alinuna siku mbili nzima, hata salamu alizipokea kwa kikohozi.

Ombi likaenda na mia nne zake. Mwezi uliofuata wakaitwa kwenye usaili wa video, ofisini kwa Doreen. Mzee alitinga kanzu na koti alilojishonea, na futi yake shingoni, maana bila hiyo alijiona uchi. Kwenye skrini walikuwepo watu watatu. Mwenyekiti wao, mama wa makamo, alisema jopo limevutiwa sana na mbinu ya kufoka, kisha chakula, na lingependa kujua kama imeshafanyiwa majaribio.

"Mara tisa," Mzee akajibu.

Wakaandika. Kisha yule mama akavua miwani. "Ufadhili huu unamwandaa mtafiti ajitegemee. Una ushahidi gani kwamba Zuhura anaweza kusimama bila wewe?"

Mzee akaweka sawa koti lake. Bila yeye? Swali hilo hakuwahi kujiuliza, na halikumpendeza hata kidogo. Alimwona mtoto wa miaka sita mlangoni pake, ameshika beseni lenye nguo mbili, hataki kulitua. Ilichukua siku tatu alitue. Pembeni yake sasa Zuhura alikuwa amefumba macho.

"Alinikatalia," Mzee akasema mwishowe.

"Samahani?"

"Nilimwambia aongeze sifuri, akakataa."

"Na nani alikuwa sahihi?"

Wee! Swali gani hilo mbele za watu? Mzee akavutavuta futi yake. "Yeye," akasema, kwa shida ya mtu anayeng'olewa jino.

"Kuna kumbukumbu ya maandishi?"

Akaitoa mfukoni mwa koti ile karatasi, imekunjwa mara nne. Hakuwa ameitupa, na ungemuuliza kwa nini asingekuambia. Akaielekeza kwenye kamera, kichwa chini miguu juu, Doreen akaigeuza. Wale watatu wakasogea kusoma, wakaandika, wakaandika tena.

Zuhura akapata! Miaka mitano kamili! Siku hiyo hiyo Profesa Collins, aliyekuwa hapokei simu, akaibuka na pongezi na kusema sasa ana nafasi. Mfumo nao, kwa vituko vyake, ukakubali kubadilisha mlezi papo hapo. Doreen akapeleka karatasi Bigwa, na Mzee akaisaini upande wake bila kuuliza kitu.

Jumatatu Zuhura alipofika, akamsogezea. "Huyo ni profesa, mwanangu. Mimi nimekufikisha ninapoweza. Saini uendelee na kazi." Alisema huku akitunga uzi kwenye sindano, na uzi hauingii.

Zuhura akachukua kalamu, akaandika pembeni ya karatasi kwa herufi kubwa, akamrudishia. Kisha akaichukua sindano, akautunga ule uzi, akaketi kwenye kigoda chake.

Mzee Sufiani akayasoma yale maneno mawili. Akafoka kama dakika kumi hivi, mpaka wapita njia wakasimama. Kisha akamwita Hidaya alete maandazi.