Waliozuiwa Arobaini na Mmoja

Saa tisa na robo alasiri kompyuta ilimjibu kwa mara ya sita: Imeshindwa kuunganisha. Jaribu tena baadaye.

"Baadaye lini?" aliiuliza, tena kwa sauti ndogo, maana hata kompyuta alikuwa akiionea haya kuifokea.

Nyumba nzima ilimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye mtoto wa mwisho. Alikuwa amekaa nyumbani mwaka na nusu tangu amalize chuo, na sasa alikuwa amepata kazi ya majaribio ambayo haikumtaka asimame mbele ya watu: kusikiliza mazungumzo ya madaktari na wagonjwa yaliyorekodiwa, na kuyaandika neno kwa neno. Nakala tatu kwa wiki moja. Mbili zilishakubaliwa. Ya tatu ilitakiwa iwe imefika ofisini saa kumi kamili, la sivyo jina lake linakatwa. Msimamizi alimwambia hivyo kwenye simu bila kupandisha sauti wala kuishusha.

Nakala ilikuwa tayari tangu saa saba. Ilikuwa imekaa pale kwenye skrini, safi, kila nukta mahali pake, na haiendi popote.

Alizima modemu akaiwasha. Alitambaa chini ya meza akachomoa waya, akaupuliza, akauchomeka. Simu yake ilipata intaneti vizuri tu. Kilichobaki kushukiwa ni ngome.

Ngome hiyo ilikuwa sharti la kazi. Kwenye fomu aliyotia saini palikuwa na mstari usemao kompyuta ya nyumbani iwe na programu ya ngome, ile inayokaa katikati ya kompyuta na intaneti ikichuja kinachoingia na kinachotoka, na kwamba isizimwe wakati wowote sauti za wagonjwa zimo. Alihangaika siku mbili kuichagua. Ya kwanza ilikuwa ya bure, ila kila nusu saa ilimtangazia dawa ya kukuza nywele. Ya pili aliiweka kabla hajaiondoa ya kwanza. Zikashikana mashati humo ndani, kompyuta ikaganda asubuhi nzima kama imemwagiwa saruji. Ya tatu ilikuwa na tabia moja aliyoipenda: haikuamua chochote bila kuuliza. Kila programu ilipotaka kutoka kwenda intaneti, ngome ilifungua kidirisha: Ruhusu au Zuia? Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kuuliza kwanza. Akaona wamepatana.

Sasa alifungua orodha ya waliozuiwa. Yeye alikumbuka kuzuia vitu vitatu. Orodha ilisema arobaini na mmoja.

Akageukia mlango.

"Baba!"

Baba yake alitokea mlangoni, miwani kwenye paji la uso. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa karani wa lango katika kiwanda cha sabuni, na mpaka leo mtaani waliomfahamu walimwita Kibali, kwa sababu siku moja alimrudisha mkurugenzi mwenyewe nyumbani akachukue kitambulisho. Asubuhi, Kitinda akiwa anafua, yeye ndiye aliyekalia kompyuta akicheza karata, kama alivyofanya kila asubuhi tangu Jumatatu.

"Baba, kuna vidirisha vilikuwa vikikuuliza kitu?"

"Vingi," alisema mzee, na uso ukamchanuka. "Hukuniambia mwenyewe Jumatatu? Ukiona usiyemjua, zuia. Basi nimezuia. Walikuja kwa fujo, mwanangu! Mmoja hana hata jina, herufi na tarakimu tupu. Nikamwambia, wewe, bila jina unakwenda wapi?"

"Na kile kisanduku cha chini, 'Kumbuka uamuzi huu'?"

"Nilitia tiki kila mara. Mtu akishakataliwa langoni, harudi kuuliza tena baada ya dakika tano."

Kitinda alifumba macho. Alishaelewa. Programu ya kutuma nakala ilikuwa imejisasisha yenyewe asubuhi, na kwa ngome, kitu kilichojisasisha ni mgeni mpya. Kikauliza upya, kikamkuta Kibali zamuni.

"Baba, umeifunga kazi yangu nje!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Mzee akashusha miwani machoni, taratibu, kama mtu anayetafuta pa kuweka mikono.

Mama yake aliacha kukunja nguo kwenye kochi. "Si uizime tu hiyo ngome? Tuma, uiwashe. Nani atajua?"

Kitinda aliangalia kitufe. Kilikuwa pale pale, chekundu, Zima. Saa tisa na dakika thelathini na tano. Lakini kwenye hedifoni kulikuwa na sauti ya bibi mmoja, aliyemnong'oneza daktari jambo ambalo, alisema, hajawaambia hata wanawe. Kitinda alilisikia, akaliandika, akalia kidogo, akaendelea kuandika. Alikuwa ametia saini kwamba bibi yule hatasikika nje.

"Siizimi, mama."

"Haya. Mkaidi kama baba yako."

Alirudi kwenye orodha. Majina yalifanana kama mapacha: herufi, tarakimu, kistari, tarakimu. Kuruhusu yote hakuweza. Hakujua ni nani waliokuwa humo. Orodha haikuonyesha hata saa.

"Unatafuta aliyekuja lini?" aliuliza mzee, kwa sauti ya chini.

"Leo. Asubuhi. Sijui saa ngapi."

Mzee alitoka, akarudi na daftari la jalada gumu. Ndani, kwa mwandiko wa ofisi, alikuwa amepiga mistari ya safu: namba, saa, jina, uamuzi. Kila kidirisha kilichowahi kumuuliza kilikuwa kimeandikwa.

"Baba... uliandika yote?"

"Sasa lango bila kumbukumbu, nikiulizwa nijibu nini?"

Kitinda alitaka kumkumbatia na kumtikisa kwa pamoja.

"Anza na ya leo, baba."

"Tunaanza namba moja," alisema mzee, akilowesha kidole. "Huwezi kuanzia katikati, utanikorofisha."

"Baba, ni saa tisa na dakika arobaini na mbili!"

"Namba moja. Jumatatu, saa nne na dakika tano..."

"Mzee, msikilize mtoto!" mama alifoka. "Hata kiwandani ulikuwa hivi hivi, watu wanakukimbia na njia ya nyuma!"

Mzee alilowesha kidole tena. Kisha akafunua kurasa mbili kwa mpigo, kwa uso wa mtu anayevunja sheria. Akasoma kuanzia ishirini na tisa. Kitinda akalinganisha. Siyo. Siyo. Ya thelathini na moja ilikuwa printa. Ya thelathini na nne ilikuwa saa ya kompyuta yenyewe. Kumbe ndiyo maana ilikuwa ikichelewa. Wakafika thelathini na saba, saa tatu na dakika kumi na moja, "hana jina, ana haraka".

"Huyu!"

Akabofya Ruhusu. Akatuma. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Ulifika nusu, ukasimama, ukapumzika, ukaendelea kwa kujivuta. Nakala iliondoka saa kumi na dakika sita.

Simu ililia kabla hajainua mkono kwenye kipanya. Kitinda alimweleza msimamizi ukweli wote, akigugumia, mpaka na habari ya karata.

"Dakika sita," alisema msimamizi. "Wenzako walifika mapema. Ila nakala yako haina kosa." Alisikika akifunua karatasi. "Siwezi kukupitisha, na sioni sababu ya kukukata. Nakuongezea wiki nyingine ya majaribio. Rekodi inakuja sasa hivi, nakala yake naihitaji kabla ya saa kumi na mbili."

Wiki nyingine. Wala ndiyo, wala hapana. Kitinda aliweka simu chini, akabaki ameikodolea macho.

Halafu alifanya jambo alilokuwa akiliogopa. Alimfungulia baba yake akaunti yake peke yake, ambamo ngome haiulizi mtu kitu, akamwita aone.

Mzee alitazama muda mrefu. "Kwa hiyo hapa siulizwi."

"Huulizwi, baba. Unacheza tu."

"Nimestaafishwa tena."

"Siyo hivyo, baba. Ni..." Hakuwahi kuwa hodari wa maneno ya mdomoni.

"Karata zimo?"

"Zimo."

"Haya." Akavuta kiti, akaketi, akazichanganya.

Kwenye simu ya Kitinda ujumbe uliingia: rekodi imeshatumwa. Aliitazama saa ya ukutani, akautazama mgongo wa baba yake ulioinama juu ya meza. Hakuthubutu kumwinua kitini. Akaenda kumsaidia mama yake kukunja nguo, akihesabu dakika, akiomba mchezo ule uishe upesi.