Moyo Waliousikiliza

Jambo la kwanza aliloliona Igihozo ni kwamba moyo wa mtoto ulikwenda mbio kila yeye mwenyewe alipoogopa.

Alikuwa amelala chali kwenye mkeka, sebuleni kwa mama mkwe wake, gauni limekunjwa mpaka chini ya kifua. Tumbo lilikuwa limepakwa mafuta ya kupikia, maana dawa ya kuteleza ya Jado ilikuwa imekwisha. Jado, kaka wa mumewe, alikuwa akisogeza kidude cha plastiki chini ya kitovu, na kwenye kisanduku alichokishika mkono wa pili ikasikika sauti: fwu, fwu, fwu. Upepo wa ziwani ukabamiza mlango. Igihozo akashtuka, na ile sauti ikaenda mbio pamoja na mshipa wa shingo yake. Mshipa ulipotulia, sauti nayo ikatulia.

"Jado," akaanza. "Hiyo moyo..."

"Nyamaza tusikie mutoto!" mama mkwe akamkata.

Jamaa wote waliokaa duara wakacheka, kisha wakapiga makofi.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Mimba ilikuwa ya miezi saba, na tangu Alhamisi mtoto alikuwa hachezi. Igihozo alimwambia mumewe, Hirwa, ambaye ni dereva wa moto, pikipiki ya kubeba abiria, pale mjini. Hirwa akamwambia mama yake, Libérata. Naye Libérata, aliyewazaa wanawe wote Goma bila kuonana na daktari, akasema hospitali haiwezi kuhama, na Jado yuko njiani na mashine yake.

Mashine hiyo Jado aliinunua Goma, akaivusha mpakani ndani ya mfuko wa vitenge. Mtaani kwao ilikuwa imeshakuwa desturi: mke akifikisha miezi saba Jado anaitwa, jamaa wanakaa duara, wanausikiliza moyo, halafu Fanta zinafunguliwa. Mwenye tumbo analala katikati kama mgonjwa, na haulizwi kitu.

"Munajua hii kitu ilitoka wapi?" Jado akauliza, akifuta mafuta mkononi. "Ku vita ya wazungu! Walikuwa wanatafuta mabato, zile meli ya chuma chini ya bahari. Unatuma sauti, inagonga chuma, inarudi. Bon, kama haikupoteza bato nzima, itapoteza mutoto?"

"Mutoto ya Hirwa na ile kichwa ya ukoo wenu?" jirani mmoja akadakia. "Hata bila mashine inaonekana kutoka ku kilima ya Rubona!"

Hirwa alicheka mpaka akashika mbavu. Igihozo akashusha gauni lake.

Usiku huo alimwambia mumewe polepole, "Mi bado nataka kwenda hopital."

"Si umesikia we mwenyewe?"

Alikuwa na jibu, ila likabaki kooni. Alikuwa hivyo tangu darasani kule Kanzenze, alikosoma mpaka mwaka wa nne tu: jibu analo, mwalimu anamtazama, na maneno yanakataa kutoka.

Jumatano tumbo likawa zito na baridi, kama kitu kisicho chake. Hapo hakuomba tena. Alivaa viatu, akatoka, akakaa nyuma kwenye moto ya Hirwa na kusubiri. Hirwa akamtazama usoni, akawasha.

Mpimaji hospitalini aliitwa Pulchérie, mwanamke aliyekulia Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka kama cha redioni. Alimpaka dawa, akaweka chombo tumboni, na picha ya kijivu ikatokea. Igihozo hakujua kuisoma. Aliusoma uso wa Pulchérie. Macho yalikuwa yameacha kupepesa.

Pulchérie akarudisha chombo palepale, akangoja, akarudia tena. Kisha akavuta kiti akakaa, akamshika mkono.

"Pole sana, mdogo wangu. Moyo wa mtoto umesimama. Siyo leo, ni siku kadhaa sasa. Aliacha kucheza lini?"

"Alhamisi."

"Haiwezekani!" Hirwa akasema. "Jumapili tulimusikia ku mashine ya kaka yangu, madamu. Watu wote walisikia. Mashine yenu ndiyo mubaya!"

Pulchérie alimwacha amalize.

"Wewe ni dereva wa moto, naona kofia. Ukisimama barabarani, pikipiki inapokujia sauti yake iko juu. Ikishakupita, inashuka. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Chombo cha ndugu yako kinafanya kazi hiyo tu. Kinatuma sauti ambayo sikio la mtu haliwezi kuisikia. Ikigonga damu inayotembea, inarudi imebadilika, na kile kisanduku kinakufanyia kelele. Ila hakijui hiyo ni damu ya nani. Mama ana mishipa mikubwa hapo tumboni. Moyo wa mtoto hukimbia karibu mara mbili ya wa mama. Mliousikia ulikuwa wa polepole?"

Igihozo akaitikia kwa kichwa.

"Lakini mashine hii ilitafuta mabato chini ya bahari," Hirwa akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Ni kweli, elimu yake ilikulia vitani. Baadaye daktari mmoja wa Uskoti akaazima mashine iliyokuwa ikitafuta nyufa kwenye vyuma. Unajua alianzaje? Alichukua uvimbe uliokwisha kukatwa matumboni mwa wanawake, akaupima kwa mashine huku akijua tayari ni kitu gani. Alitaka kwanza ajue mashine inamwambia nini. Nyinyi mngeshika tu mshipa kwenye kifundo cha mkono wa mke wako wakati mnasikiliza. Mngeona mapigo yake na ile sauti vinakwenda pamoja."

Hakuna aliyemshika mkono siku ile. Mikono yote ilikuwa na kazi ya kupiga makofi.

"Na kama tungekuja Ijumaa?" Hirwa akauliza.

"Sijui. Huenda. Huenda hapana. Hakuna atakayejua tena."

Igihozo alimzaa hapohapo hospitalini, mtoto wa kiume, katika chumba ambacho wanawake wa vitanda vya jirani walikuwa wakinyonyesha. Siku ya kurudi nyumbani, Hirwa alisimamisha moto kabla ya kufika, akazima injini.

"Tusimwambie Mama ile ya mishipa," akasema bila kugeuka. "Jado ni mukubwa wangu. Ataona haya, na watu watamusema. Mutoto hatarudi."

Igihozo alitazama mgongo wa koti lake. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, na Hirwa akahesabu kimya hicho kuwa ndiyo, kama siku zote.

Wageni wakaja kuwapa pole. Libérata aliwapokea mlangoni, akiwasimulia kila mmoja upya: "Yoo, moyo ilikuwa muzuri! Jumapili tulisikia sote. Hopital ndiyo iliwafikisha hapa, na zile madawa yao." Wageni wakaitikia kwa huruma. Jado alikuwa kwenye kona, anakunywa chai.

Mmoja wa wageni alikuwa Belise, jirani, tumbo lake limefika juu. Alikaa pembeni, akijishika ubavu.

"Na we, Belise, mutoto anacheza?" Libérata akamuuliza.

"Tangu jana iko kimya kidogo, Mama."

"Analala huyo. Usiende kujipeleka kule, umeona mambo ya mukazana wangu, huyu muke wa Hirwa. Jumamosi Jado atakuja kwako na mashine. Si ndiyo, Jado?"

"Jumamosi, Mama. Nimeshanunua dawa mupya ya kuteleza."

Belise akatabasamu, ametulia. Igihozo akasikia mshipa wa shingo ukianza mbio. Alimtazama Hirwa, Hirwa akatazama chini.

"Belise," akasema.

Sauti ilitoka ndogo, lakini watu walinyamaza, kwa kuwa hawakuwa wameizoea.

"Usingoje Jumamosi. Nenda hopital leo. Ile moyo tulisikia hapa ilikuwa yangu mimi."

"Mukazana, we nyamaza, umechoka..."

"Sinyamazi, Mama. Mutoto wangu alikuwa ameshakufa ndani yangu, na mulikuwa munapiga makofi."