Kichujio Kilichoanikwa

...na kama kile kichujio kimoja cha Jumanne kisingesahaulika mkobani asingejua kitu, angeendelea kuanika, maana ndivyo alivyofanya majira yote ya joto, Hoi-kei huyu anayeandika kila kitu, saa, joto, upepo umetoka wapi, meli ngapi za makontena zimepita, anakitoa kichujio kwenye mashine ya kunyonya hewa, anakilaza kwa kibano kwenye sinia juu ya paa la kituo cha kupima hewa, saa nzima juani, unyevu ukauke kabla ya kupima uzito, kama baba yake anavyoanika samaki wa chumvi ukutani, na sasa amesimama palepale, adhuhuri, kibano mkononi, simu sikioni, baba anasema, "Ah Kei, upo? Karani ananingoja hapa, nimpe funguo au vipi?", funguo za chumba chake cha zamani kule mjini, Sham Shui Po, ghorofa ya tatu juu ya barabara ya malori, chumba cha serikali, ukikirudisha umekirudisha, foleni yake miaka sita... "Ngoja kidogo, baba, nipo kazini," na baba anacheka, kicheko kinaishia kwenye kikohozi, moja, mbili, tatu, anahesabu, hawezi kutohesabu, tano, "Mate tu yamenipalia, hewa ya kisiwani Cheung Chau tamu, si ulisema mwenyewe," ndiyo, alisema mwenyewe, aliweka jedwali mezani kando ya bakuli la uji wa mchele, akamwonyesha kwa kijiti cha kulia, ona baba, hapa mjini, hapa baharini, robo tu, moshi unanasa kwenye chembe za chumvi, chumvi inazama nao, basi, na baba akaamini, akawatangazia majirani ngazini, binti yangu anapima hewa... "We mtoto, unaanika kichujio au unajianika mwenyewe?" anaita Mzee Fung, fundi wa mashine, kutoka chini ya ngazi, "tambi zinapoa," nakuja, anasema, haendi, anakitazama kilichomo kwenye kibano, cheupe, safi, safi mno, vichujio vya Jumanne vilikuwa viwili, mashine mbili bega kwa bega, upepo uleule, kimoja akakianika, cha pili kikalala gizani mkobani, na maabara imesema leo asubuhi cha gizani kina mara nne, robo mara nne, hesabu ya mtoto, sawasawa na juu ya malori, ambako wenzake huvifunga vichujio kwa alumini papo hapo, yaani moshi ulikuwepo kila siku, chumvi iliunasa kama alivyosema, ila haukuzama, jua liliupiga juu ya sinia lake ukabanduka, ukapaa ukiwa gesi, na gesi hiyo ndiyo inayozaa ozoni ichomayo mapafu, hakuwa akikausha, alikuwa akifukuza kile alichotumwa kukikamata... na kama sinia limefanya hivyo kwa saa moja, huko nje je, bahari nzima, kila chembe iko juani tangu alfajiri, chumvi haiziki kitu, inaushika moshi wa jiji mpaka jua lipande kisha inaupuliza upya, mlangoni kwa baba, ambaye kila mchana huketi ukutani na samaki wake akivuta pumzi ndefu, kwa sababu binti yake alimwambia avute... mwambie asirudishe, mwambie sasa, halafu? arudi juu ya malori, ambako Februari aliteremshwa ngazi kwa kiti, midomo ya buluu? kule moshi unazaliwa, huku unafufuka, katikati hakuna kisiwa... "Mzee, unatoa funguo au hutoi? Watu wamepanga foleni," sauti ya karani, na baba, kwa fahari, "Subiri, dada, naongea na mtaalamu," na mtaalamu anafungua mdomo, anagundua kwamba tangu aishike simu hii amekuwa akichagua jibu kana kwamba moja kati ya yale mawili lina hewa safi ndani yake... "Ah Kei?" karatasi ya alumini imo mfukoni, kipande kidogo kingetosha kukifunga kichujio kisipigwe jua, hakitoi, "nipo, baba," anasema, "nipo," na jua limesimama palepale utosini, na kichujio kinazidi kuwa safi.