Ziara ya Alhamisi

Usharika ulikuwa na wagonjwa kumi na wanne wasioweza kufika kanisani, na kila mmoja alipaswa kupelekewa Meza ya Bwana nyumbani mara moja kwa mwezi. Mchungaji alikuwa na daftari lao, refu, la jalada gumu. Kila Jumatatu asubuhi aliandika humo majina ya wiki hiyo, siku na saa, na mbele ya kila jina akatia alama ya vema. Aliitia kabla ya kwenda, si baada ya kurudi. Sababu ilikuwa ya kiofisi tu: taarifa ya ziara ilitakiwa jimboni kila Jumatano, karani alihitaji kuichapa Jumanne, na usharika uliochelewesha ulipigiwa simu ya kukaripiwa. Kwa miaka minne utaratibu huo haukumletea tabu. Akikwama Jumanne, alikwenda Jumatano. Alama ilitangulia, miguu ikafuata.

Karani alijulikana kwa jina la Mama Muhuri, kwa kuwa muhuri wa usharika ulikaa ndani ya pochi yake na hakuna aliyewahi kuuona umelala mahali pengine. Alikuwa amefanya kazi chini ya wachungaji watatu, na wawili wa kwanza aliwazungumzia kama mtu anavyozungumzia viatu vilivyombana.

Wiki hiyo, Alhamisi saa nne ilikuwa ya Bibi Pindo. Alikuwa mjane wa miaka themanini na mitatu. Kwa miaka thelathini aliwashonea wachungaji na kwaya majoho, na joho lolote lililorudi kwake na pindo la kwenda kombo alilifumua palepale mbele ya aliyelivaa. Sasa magoti yalikuwa yamegoma. Aliishi katika chumba kimoja ghorofa ya tatu, ngazi thelathini na nane kutoka barabarani. Binti yake wa pekee, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, alikuwa mkaguzi wa mizani katika mji mwingine. Kazi yake ilikuwa kupita maduka na masoko na kisanduku cha mawe ya kupimia.

Jumatano jioni binti huyo alipiga simu.

"Bwana asifiwe, Mchungaji. Nimeongea na mama sasa hivi, kwa simu ya jirani. Sauti yake sijaipenda. Nakuomba kesho usimpite."

"Amina, mama. Kesho saa nne niko kwake. Nimeshaandika."

"Umeandika au unakwenda?" Kisha akacheka. "Nakutania. Kazi hii imeniharibu, simwamini hata muuza mkate."

Alhamisi saa tatu na nusu alitokea mhandisi wa paa, ambaye walikuwa wamemsubiri wiki tano. Paa lilivuja juu ya mabenchi ya kwaya. Mhandisi alipanda ngazi, mchungaji akapanda nyuma yake, na huko juu wakazungumza kirefu juu ya mbao zilizooza na zile ambazo bado zinaweza kuvumilia. Waliposhuka ilikuwa saa sita na nusu. Saa nane kulikuwa na kikao cha wazee wa kanisa, nacho kikaenda mpaka jioni. Mchungaji alimkumbuka Bibi Pindo mara mbili, mara ya kwanza akiwa bado juu ya paa. Bibi hakuwa na simu, na namba ya jirani mchungaji hakuwa nayo. Angeweza kumwomba binti, lakini hilo lingekuwa sawa na kumwambia binti kwamba hajakwenda. Akaamua kwenda Ijumaa.

Ijumaa saa moja asubuhi Bibi Pindo alifariki, ameketi ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni.

Mchungaji alifika kabla ya saa mbili. Chumbani alikuwemo jirani wa mlango wa pili, mpiga pasi katika duka la dobi, macho yamevimba lakini ulimi uko palepale.

"Alhamisi kaamka na alfajiri, Mchungaji. Kanifanya nimtandikie meza kitambaa cheupe, nikakinyoosha mara tatu ndiyo akaridhika. Namletea chai, kaikataa. 'Sili kabla ya Meza.' Nikamwambia, wewe bibi, utaanguka hapa nianze kutafutana na watu. Kaniangalia kama mimi ndiyo pindo la kombo. Saa sita nikaenda zamu, nikamwacha kwenye kile kiti, kavaa vizuri, kanyooka. Nimerudi usiku amelala, sikumwamsha. Ulikuja nilipoondoka, eh?"

Mchungaji alifungua kinywa. Wakati huohuo wanaume wawili waliingia na machela, wakauliza kama mlango unafunguka wote, na jirani akageuka kuwaonyesha komeo la chini. Hakuuliza tena, na mchungaji hakujibu ambalo halikuulizwa tena.

Jumamosi alasiri alipoingia ofisini alimkuta binti wa marehemu ameshafika. Alikuwa na gauni jeusi lenye mikunjo ya safari, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi, na mbele yake karatasi ya wasifu utakaosomwa kwenye mazishi Jumatatu. Mama Muhuri alikuwa amemfungulia daftari la ziara.

"Pole kwa safari, mama," alisema mchungaji.

"Nimeshapoa. Nilikuwa natafuta jambo moja tu na nimelipata." Akavaa miwani, akasoma alichokiandika. "'Siku moja kabla ya kuitwa kwake, alishiriki Meza ya Bwana nyumbani.' Njia nzima, Mchungaji, saa tisa kwenye basi, nilikuwa nawaza hilo tu. Kwamba hakuondoka kama mtu aliyesahauliwa. Sasa nimeliona kwa maandishi, moyo umetua. Asante sana."

"Pole sana, mama," alisema mchungaji tena.

Ilikuwa pole ya kweli. Ilitosha pia kuufanya uongo usimame. Binti alimshika mkono kwa mikono miwili, akaenda nyumbani kwa mama yake kuchagua nguo za kumvisha.

Mama Muhuri alisubiri hatua zipotee nje, kisha akafunga mlango.

"Alhamisi si ulikuwa juu ya paa wewe?"

"Nilikuwa."

"Nilikuona kwa macho yangu, umeikumbatia ngazi kama umeioa. Nikasema labda amekwenda jioni."

"Jioni nilikuwa kikaoni. Nilipanga Ijumaa."

"Ijumaa." Mama Muhuri alilifunga daftari polepole. "Na hiyo tiki?"

"Ya Jumatatu. Huwa naitia Jumatatu."

"Zote?"

"Zote."

Karani alilisukuma daftari pembeni. Kisha akavuta kiti.

"Sikiliza, Baba Mchungaji. Huyu mama ametoka mbali. Umempa kitu cha kushika. Aliyekuwa anajua ukweli yuko mochwari, mwingine ni mimi, na mimi nimeweka siri za kanisa hili tangu wewe unasoma darasa la pili. Sasa unataka kumpokonya yule mama alichokishika, ili nani apate nafuu? Wewe?"

Mchungaji aliona kwamba hoja ilikuwa nzuri. Aliipima kwa uaminifu, kwa sababu ilikuwa na faida kwake na kwa hiyo ilimtia shaka. Ni kweli binti angeumia. Lakini aliyeokolewa kwanza na ukimya hakuwa binti. Jumatatu mstari ule ungesomwa mbele ya watu mia tatu, yeye amesimama hatua mbili kutoka jeneza, na wote wangemshukuru kwa macho. Siku ya kubarikiwa kwake aliulizwa maswali mbele ya askofu, na mojawapo lilikuwa kama atawatembelea wagonjwa. Alijibu kwamba atawatembelea. Hakujibu kwamba atawaandika. Wagonjwa kumi na watatu walikuwa bado hai, na kila mmoja alikuwa na mtoto au ndugu mahali fulani ambaye siku moja angekuja kufungua daftari hilohilo.

"Wasifu chapa," alisema, "lakini huo mstari uache wazi."

"Na jimboni? Taarifa imekwenda tangu Jumatano."

"Nitawaandikia leo."

"Watakuita."

"Wataniita."

"Haya." Mama Muhuri alisimama, akabana pochi kwapani. "Mimi na mchungaji wa nne tutajuana hukohuko mbele."

Mchungaji alipanda ngazi zile thelathini na nane bila kupumzika. Binti alikuwa peke yake, anakunja nguo juu ya kitanda, na kitambaa cheupe kilikuwa bado mezani. Mchungaji hakuketi.

"Mama, nimekuja kurekebisha jambo. Alhamisi sikuja hapa."

"Ulikuja lini basi?"

"Sikuja. Ile alama niliitia Jumatatu. Huwa naitia kabla, halafu ndiyo nakwenda. Safari hii sikwenda."

Binti alilaza blauzi aliyokuwa nayo mkononi, akailinganisha mabega.

"Kulikuwa na mgonjwa aliyezidiwa?"

"Hapana. Mhandisi wa paa. Baadaye kikao."

"Ungeweza kutoka?"

"Ningeweza. Ni mwendo wa dakika kumi na tano."

"Alikusubiri mpaka saa ngapi?"

"Jirani aliondoka saa sita, alikuwa bado kwenye kiti. Baada ya hapo sijui. Alikuwa hajanywa chai."

"Kwa nini hajanywa chai?"

"Alikuwa amefunga kwa ajili ya Meza."

Mkaguzi wa mizani aliketi kitandani. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya kikazi.

"La chai nisingelijua."

"Pengine usingelijua."

"Ungeweza kuniambia hukuja, ukaniachia la chai."

"Uliniuliza."

Alitikisa kichwa, si kwa kukataa wala kukubali. "Jana usiku nililia kwa furaha kwenye basi, kabla sijaona hata hilo daftari. Kwa sababu uliniambia saa nne uko kwake. Nikawaambia abiria waliokaa karibu nami, watu nisiowajua, kwamba mama yangu amekula Meza ya Bwana. Wakanipa pole na pongezi. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Toka kwanza. Simama hapo nje."

Mchungaji alisimama kwenye ukumbi wa ngazi. Mtu mmoja alipita na ndoo, akamsalimu, akashuka. Baada ya robo saa hivi mlango ulifunguliwa. Uso wa binti ulikuwa umeoshwa.

"Nikikuta mizani imechezewa dukani, nabandika karatasi nyekundu mbele ya wateja. Mwenye duka ananiambia ana watoto, ananiambia twende pembeni tuongee. Sijawahi kwenda pembeni. Basi Jumatatu utamzika wewe. Sitaki mchungaji wa kuazima, mama alikuwa anakupenda, Mungu anajua kwa nini. Na wasifu utausoma wewe, pamoja na Alhamisi yake ilivyokuwa."

"Nitausoma."

"Kama utashindwa, niambie sasa."

"Nitausoma, mama."

Jumatatu saa nane kanisa lilijaa. Mchungaji alisoma mahali alipozaliwa marehemu, mwaka aliojifunza kushona, kufiwa na mumewe, idadi ya majoho. Alipofika kwenye Alhamisi hakupunguza mwendo wala sauti.

"'Siku ya Alhamisi alivaa, akafunga, akamsubiri mchungaji wake amletee Meza ya Bwana. Mchungaji alikuwa na shughuli nyingine, hakufika. Ijumaa saa moja asubuhi alifariki.'"

Kwenye mabenchi ya kwaya mtu alisema "Eh!" na akanyamazishwa. Mwenyekiti wa wazee alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akamtazama mchungaji kana kwamba kosa lilikuwa kwenye vioo. Binti alikaa mstari wa mbele, macho mbele, mikono magotini. Jirani, mpiga pasi, alilia kwa sauti kuanzia hapo mpaka mwisho.

Makaburini, watu walipoanza kutawanyika, mwenyekiti alimvuta mchungaji kando.

"Lile halikuwa la kusomwa. Kuna wasifu, na kuna maungamo."

"Ilikuwa siku yake ya mwisho nzima, mzee. Ningeikata wapi?"

"Umetuaibisha sote."

"Nimejitaja mimi peke yangu."

"Ndivyo unavyodhani," alisema mwenyekiti, akaondoka.

Binti alimsubiri karibu na lango, kisanduku chake cha safari miguuni.

"Umesoma vizuri," alisema. "Sijakusamehe."

"Naelewa, mama."

"Huelewi, lakini sawa. Nikikusamehe nitakupigia simu. Wewe usinipigie."

Kabla ya Jumatano nyumba tano kati ya zile kumi na tatu zilikuwa zimemuuliza Mama Muhuri kuhusu tarehe zao wenyewe. Mchungaji alikwenda kila nyumba, zilizouliza na zisizouliza, akaeleza siku alizofika na siku alizofika kwa kuchelewa. Siku mbili hakuweza kuzieleza, akasema hivyo. Nyumba moja ilimwomba asiingie tena, ikaletewa mchungaji wa usharika jirani. Jimbo lilimwita, likamhoji saa mbili, likampa onyo la maandishi na kuahirisha uhamisho wa kwenda usharika mkubwa aliokuwa ameahidiwa. Taarifa za ziara sasa zilifika jimboni Jumatatu ya wiki iliyofuata, zimechelewa, na kila mara simu ya kukaripia ilipigwa. Mama Muhuri aliipokea kwa sauti ya asali na kusema mchungaji yuko kwa wagonjwa. Mara nyingi alikuwa huko kweli.

Mwezi wa tano baada ya mazishi, karani alimkuta ameketi na simu mkononi.

"Bado hajapiga?"

"Bado."

"Mpigie wewe basi. Mtu mzima yule, atakuwa amepoa. Mwambie umepiga kumjulia hali tu."

"Alisema nisimpigie."

"Alisema kwa hasira."

"Alisema, nami nikakubali."

"Basi kaa hivyohivyo," alisema Mama Muhuri.

Mchungaji akaiweka simu mfukoni, akachukua kisanduku cha Meza, akaenda kwa mgonjwa wa saa nne.