Mjumbe wa Kuze

Wapishi wa Kuze walikuwa wamekata shauri: sauti ya mtaa wao iende kwa Mwanakuu, mwenzao aliyewania urais wa chama. Chama chao cha wapishi wa harusi kilimpata rais wake kwa kura za wajumbe. Kila mtaa ulituma mtu mmoja, na hao ndio waliopiga kura. Mjumbe wa Kuze alikuwa Alawiya, shoga wa Mwanakuu tangu walipokuwa chuoni, na aliyemfundisha kushika mwiko ni Mwanakuu huyo huyo.

Alawiya akaenda akamchagua Areej, mgombea wa mtaa wa Baghani.

"Mjumbe si kasuku," alisema alipoulizwa. "Nimetumia akili yangu. Una mkono wa chakula, Mwanakuu, lakini ulimi wako utatugombanisha na nusu ya mji."

Tangu siku hiyo, kila kitunguu Mwanakuu alichokikata alikikata kwa jina la Alawiya. Urais hakuutaka tena. Alitaka huo mpango wa wajumbe ufe.

Alimwendea Winnie Kiti, mpishi mkuu wa mtaa wa Makupa. "Nyinyi mko wengi kuliko Mji wa Kale mzima," akamwambia, "na sauti yenu ni moja, sawa na ya mtaa wa Ganjoni, ambao hawajai hata mkeka. Mbona kila mpishi asijichagulie rais mwenyewe?"

Winnie akamtazama sana. "Na wewe wafaidika nini, Bi Mwanakuu?"

"Mimi nataka haki."

"Haki," Winnie akarudia, kama anayeonja mchuzi asioujua. "Haya."

Kubadili kanuni kulihitaji mkutano wa wapishi wote, nao walifika wakajaa. Alawiya akasimama.

"Wenzangu, leo anayetaka urais lazima abembeleze kila mtaa, hata ulio mdogo. Mkihesabu vichwa, atabembeleza Makupa, basi! Mwanakuu, wewe ni wa Kuze, wayajua haya."

Mwanakuu aliyajua. Hata njiani alikuwa ameyawaza, na bado alisimama.

"Mimi najua kwamba Kuze ilisema, na kinywa cha mtu mmoja kikaimeza kauli yake. Nikichagua mwenyewe nikakosea, kosa ni langu. Si la kupakuliwa na mtu!"

Vigelegele vikapaa. Mikono ikainuka, ya Makupa kwanza. Alawiya aliketi polepole, na Mwanakuu hakuondoa macho usoni pake mpaka alipomaliza kuketi.

Uchaguzi ulipofika, Winnie alishinda bila jasho. Hakuwa mtu mbaya, lakini harusi kubwa alizigawa kwa aliowajua, na aliowajua walikuwa wa kwao. Kuze ikabaki kuitwa kusaidia.

Ndivyo Mwanakuu na Alawiya walivyojikuta kwenye ua mmoja wa harusi, mmoja akichambua mchele, mwenzake akimenya vitunguu.

"Umefurahi sasa?" Alawiya akauliza. "Harusi zetu zimekwenda. Zako pia."

"Pia zangu."

"Basi umepata nini?"

"Nimekupata wewe hapa chini. Siku hizi ukiinua mkono, ni mkono wako peke yako."

Pilau ilipokaribia kuiva, Winnie akaita kutoka jikoni aje mtu aonje chumvi. Alawiya, kwa mazoea, akanyanyuka nusu. Lakini jina alilolitaja Winnie lilikuwa la msichana wa Makupa, naye Alawiya akarudi kwenye kibao chake.

Mwanakuu akacheka, akacheka mpaka akajishika mbavu. Wala yeye hakuitwa.